Kwa nini wimbo wa mkulima unamliza mpishi Mtamil

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja hapa Doha. Mwenzangu wa zamu ni Mtamil, mtu wa makamo, sote tunamwita Anna. Akiosha mchele huimba wimbo wa filamu ya zamani, Vivasayee ya mwaka 1967, na mara nyingine machozi humtoka. Nimeitafuta filamu yenyewe nikaitazama. Mimi ni mtoto wa mkulima wa mpunga, Kyela, na yule shujaa sikumwamini: nywele zimechanwa, meno yanang'aa, sikuona mtu anayelima. Je, hii ni filamu ya wakulima kweli au ni siasa tu? Na kama ni siasa, mbona mtu mzima analia?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mawili, na la pili ndilo lililonikalisha kuandika. La kwanza nalijibu mara moja: ni siasa, tena ya wazi kabisa. Ila siasa yenyewe ilikuwa ya wali, na machozi ya Anna yanaanzia hapo.

Nilisoma kilimo Coimbatore, magharibi mwa Tamil Nadu, jimbo la Watamil kusini mwa India, na mwezi wangu wa kwanza kule kuna jambo lilinifanya nijisikie nyumbani. Sisi tuna mpunga shambani, mchele gunioni na wali sahanini. Watamil nao wana nel shambani, arisi gunioni na soru sahanini. Maneno matatu kwa kitu ambacho lugha nyingi zinakiita kwa jina moja. Watu wenye maneno matatu wanajua kila hatua kati ya tope na sahani ina jasho lake na ina mwenyewe. Mtazame Anna na mikono yake ndani ya ile arisi, ukijua kuwa neno analoimba, vivasayi, maana yake ni mkulima.

Filamu ilitolewa na kampuni ya Devar Films, ya Sandow M. M. A. Chinnappa Thevar, mzaliwa wa Coimbatore, na mwongozaji akawa ndugu yake, M. A. Thirumugam. Shujaa ni M. G. Ramachandran, ambaye Watamil wote humwita MGR. Mwanamke mkuu ni K. R. Vijaya, na mbaya ni M. N. Nambiar, kama ilivyokuwa desturi. Kuhusu hadithi sina mengi ya kukuambia, umeiona mwenyewe: wema unashinda. Filamu za MGR za miaka ile zilikwenda hivyo, na aliyekata tiketi alijua anakwenda kuona nini.

Kilichobaki ni wimbo. Ulitungwa na A. Maruthakasi, muziki ukapangwa na K. V. Mahadevan, sauti ikawa ya mwimbaji T. M. Soundararajan, MGR akichezesha midomo tu. Unasema, kwa maana, kwamba Mungu ni mwajiri, na kati ya wafanyakazi wote aliyemchagua ni mkulima. Kisha unauliza nchi hii imekosa neema gani hata tuende kunyoosha mkono ugenini. Fanyeni kazi shambani sawasawa, heshima yenu itapanda huko huko ugenini. Mtu asiyejua mwaka ule atasikia mahubiri ya kawaida. Lakini India ilikuwa imetoka kwenye ukame wa 1965 na 1966. Ngano ilikuwa inakuja kwa meli kutoka Marekani kwa mamilioni ya tani, na watu walihesabu siku za kuwasili kwa meli kama wagonjwa wanaosubiri dawa. Kunyoosha mkono halikuwa fumbo la mshairi.

Jimbo la Tamil Nadu, ambalo wakati huo bado liliitwa Madras, lilipiga kura Februari 1967. Chama cha DMK, chini ya C. N. Annadurai, kilikuwa kimeahidi padi tatu za mchele kwa rupia moja. Padi ni kipimo chao, kama pishi letu la zamani. Chama cha Congress, kilichotawala tangu uhuru, kikaanguka. Walipoingia madarakani, padi tatu hazikuwezekana. Walianza na padi moja kwa rupia, katika jiji la Madras na Coimbatore. Hata hiyo moja watu waliipangia foleni.

Na MGR alikuwa mgombea wa DMK katika uchaguzi huo huo. Tarehe 12 Januari 1967 mwigizaji mwenzake, M. R. Radha, alimpiga risasi shingoni. Alinusurika, akagombea akiwa kitandani hospitali, picha yake yenye bendeji shingoni ikabandikwa kila ukuta, akashinda. Sauti yake ya kuzungumza haikurudi sawasawa maisha yake yote. Vivasayee ilitoka Novemba 1967, kwa hiyo waliojaza kumbi walikuwa wanamtazama mtu waliyemwombea. Alipofungua kinywa kuimba, ilitoka sauti ya Soundararajan, ambayo risasi haikuigusa. Najaribu kufikiria mtu wa kiti cha nyuma usiku ule, na kila mara naelewa zaidi kwa nini hakujali kama nguo za mkulima zilikuwa safi.

Kuna ubeti mmoja nataka umwombe Anna auimbe polepole. Unasema nchi inaweza kuwa na bendera za rangi nyingi, kila chama na mawazo yake, lakini inayopaswa kupepea kila mahali ni moja tu, bendera ya chakula inayotangaza kwamba njaa hakuna. Kwa Kitamil bendera hiyo ni annakkodi, kwa sababu annam ni wali, ni chakula. Sasa rafiki yako mnamwitaje? Anna, yaani kaka. Na Tamil Nadu nzima ilimwitaje Annadurai? Anna. Ile n ya kaka hutamkwa ulimi ukiwa umekunjwa kidogo nyuma, ile ya chakula ulimi uko mbele, lakini naamini sikio la mwaka 1967 halikukosa kusikia bendera mbili katika moja. Siasa unayoiuliza imekaa ndani ya herufi hiyo moja.

Ungekuwa na haki ya kukasirika kama hadithi ingeishia hapo, mwanasiasa kaimba kuhusu wali akapata kura. Haikuishia hapo. MGR alizaliwa mwaka 1917 karibu na Kandy, Sri Lanka. Baba alikufa yeye akiwa mdogo sana, mama akawahamishia watoto Kumbakonam, katikati ya mashamba ya mpunga ya mto Kaveri, na huko, kwenye bahari ya mpunga, walikosa wali. Aliingizwa kwenye kundi la michezo ya kuigiza akiwa mtoto, na chakula kilikuwa sababu kubwa. Mwaka 1977 akawa waziri mkuu wa jimbo. Mwaka 1982 akaanzisha mpango wa kuwapa watoto wadogo wa vijijini wali wa moto kila mchana, akijenga juu ya ule wa shuleni ulioanzishwa na K. Kamaraj miaka ya 1950. Wachumi wengi walimwambia jimbo litafilisika. Hakuacha, na waliomfuata, hata mahasimu zake, hawakuthubutu kuufuta, wameupanua. Anna, kwa umri unaonieleza, ama aliula wali huo au ana wadogo zake walioula. Mtu akiimba bendera ya chakula huku anaosha mchele wa wageni mbali na kwao, mimi simuulizi kwa nini analia.

Sasa nije kwenye lalamiko lako, maana mtoto wa Kyela hadanganywi kuhusu mpunga na mimi sitaki kukudanganya. MGR kwenye filamu alikuwa mvuvi katika Padagotti, mfanyakazi katika Thozhilali, mchunga ng'ombe katika Mattukara Velan, mwendesha riksho katika Rickshawkaran. Kila kundi la watu wanaofanya kazi kwa mikono lilipata filamu yake na shujaa wake. Ilikuwa ni heshima, na watu waliipokea kama heshima. Lakini ukitaka kuona kilimo chenyewe, kulima hasa, rudi nyuma miaka kumi, kwa watu watatu wale wale.

Mwaka 1957 Maruthakasi, Mahadevan na Soundararajan walitengeneza wimbo wa filamu Makkalai Petra Magarasi, iliyochezwa na Sivaji Ganesan, mpinzani mkubwa wa MGR, pamoja na P. Bhanumathi. Mwimbaji anamwita anayemfundisha chinnakkannu, jicho dogo, sisi tungesema mboni yangu. Halafu anamwelekeza kazi. Funga ng'ombe wa Manapparai, uweke plau ya Mayavaram, ulime. Nenda Attur kanunue mbegu ya kichili samba, uichague vizuri. Mwaga kitaluni, ng'oa miche, pandikiza, vuta maji kwa etram. Watafute watu wa wilaya ya Madurai waje wavune. Pura uwanjani, lundika, pima. Pakia kwenye gari la ng'ombe mpaka soko la Pollachi, muuzie mfanyabiashara wa Virudhunagar, zihesabu pesa zako. Pesa hizo usizile: mpe mama mkononi, yeye atafanya sita iwe mia.

Mimi ni mtu wa kilimo, na niliposikia wimbo huo kwenye basi la kwenda Pollachi mwenzangu akanitafsiria mstari kwa mstari, nilitoa daftari. Ni kalenda nzima ya zao, hakuna hatua iliyorukwa. Manapparai ni mnada wa ng'ombe mpaka leo. Mayavaram, ambayo sasa ni Mayiladuthurai, iko kwenye udongo mzito wa Kaveri, na plau ya kule lazima iujue udongo huo. Kichili samba ni mpunga halisi, wa punje nyembamba, wa kukaa shambani muda mrefu. Wapo wanaoulima tena siku hizi kwa ajili ya ladha yake. Etram ni gogo refu lililolazwa juu ya nguzo: watu hutembea juu yake huku na huku, upande mmoja ukishuka ndoo inazama kisimani, mwingine ukishuka ndoo inaibuka. Mtu alitembea hivyo tangu alfajiri, akiimba ili asipoteze hesabu ya ndoo. Na ile hatua ya mwisho, ya pesa kwenda kwa mama, sijaikuta katika kijitabu chochote cha ugani nilichowahi kusoma, ingawa ndiyo inayoamua kama msimu ujao kutakuwa na mbegu ndani ya nyumba.

Lakini urudie kusikiliza. "Ng'oa miche, pandikiza." Nani? "Watafute watu wa Madurai wavune." Watu gani hao, walilala wapi, walilipwa nini? Wimbo unapita. Katika mashamba ya Kaveri waliong'oa na kupandikiza ni wanawake, wamekunja migongo, wanarudi kinyumenyume tope likiwa magotini. Wengi wao walikuwa Wadalit, watu ambao mfumo wa tabaka uliwaweka nje ya kijiji, na ardhi hawakuwa nayo hata ya kujengea kibanda. Kitamil kina maneno mawili yanayotofautiana kwa herufi moja ya mwisho: pannaiyar ni mwenye shamba, pannaiyal ni mtu wa kazi aliyefungwa na shamba hilo, yeye na wanawe. Filamu za zamani zimejaa pannaiyar, mwema au mkatili. Pannaiyal anaonekana nyuma, amebeba mganda, amekunja mikono kifuani kwa unyenyekevu, na hana jina.

Mwaka mmoja na mwezi mmoja baada ya Vivasayee, usiku wa tarehe 25 Desemba 1968, katika kijiji cha Kilvenmani, wilaya ya Thanjavur ya wakati huo, vibarua 44 wa Kidalit na watu wa familia zao, wengi wanawake na watoto, waliteketezwa kwa moto ndani ya kibanda walimokimbilia. Walikuwa kwenye mgogoro wa ujira, wakidai nyongeza ya nusu ya kipimo cha mpunga. Mwaka 1973 mahakama kuu ya Madras iliwaachia huru wenye mashamba walioshtakiwa. Naandika hili taratibu kwa sababu bado linanikaa kooni. Bendera ya chakula ilikuwa inaimbwa kwenye redio, serikali ya Annadurai mwenyewe ikiwa madarakani, na waliokipanda chakula hicho walikufa kwa ajili ya nusu ya kipimo. Ukiniuliza Vivasayee imekosa nini, jibu langu ni hao. Tope ulilolitafuta kwa shujaa lilikuwa kwenye miguu yao, na kamera haikuteremka mpaka huko.

Kuteremka kulichukua muda. Vijiji vingi ulivyoviona kwenye filamu za zamani vilijengwa kwa mbao na majani ndani ya studio za Madras. Mwaka 1977 kijana wa kijijini kutoka wilaya ya Theni, Bharathiraja, alitoa 16 Vayathinile, akiitoa kamera nje, kwenye vumbi na jua halisi, na Kamal Haasan akiwa kijana kilema wa kazi za kutumwa, mdomo umejaa tambuu. Muziki ulikuwa wa Ilaiyaraaja, naye mtoto wa vijiji hivyo hivyo, aliyekuja na nyimbo za akina mama wa kupandikiza mpunga. Si filamu ya kilimo, ila baada yake ilikuwa vigumu kumwaminisha mtazamaji kijiji cha mbao. Mwaka 1983 Sreedhar Rajan akatoa Kann Sivanthaal Mann Sivakkum, kutoka kwenye riwaya ya Indira Parthasarathy iliyotokana na Kilvenmani. Haikupata watu wengi kama za MGR. Itafute hata hivyo.

Na kuna moja ambayo lazima uione, ukiwa na Anna ikiwezekana. Inaitwa Kadaisi Vivasayi, ya mwaka 2022, mwongozaji M. Manikandan. Jina lake ni lile lile la 1967 limeongezwa neno moja: Mkulima wa Mwisho. Mwigizaji mkuu, Nallandi, hakuwa mwigizaji. Alikuwa mkulima wa miaka zaidi ya 80 kutoka upande wa Usilampatti, wilaya ya Madurai, huko huko wimbo wa 1957 ulikowachukua wavunaji. Anacheza mzee Mayandi, masikio hayasikii vizuri, ana ng'ombe wake wawili watatu na kipande cha shamba. Wenzake wameuza ardhi. Mmoja kauza akanunua tembo. Kijiji kinataka kufanya sikukuu ya mungu wa ukoo iliyoachwa kwa miaka, na sadaka inahitaji mpunga mpya wa pale pale. Wanaangaliana. Nani bado analima? Ni mzee peke yake.

Dukani anakwenda kununua mbegu za nyanya, anaonyeshwa aina ambayo tunda lake halitoi mbegu. Mzee anauliza, kwa uchungu na kwa lugha ya shambani, aliyebuni kitu hiki angejisikiaje mtoto wake akizaliwa hana mbegu. Nimefanya kazi na wakulima miaka mingi na hoja hiyo sijawahi kuisikia ikisemwa kwa ufupi zaidi. Baadaye anakuta tausi wamekufa shambani kwake, anawafukia kwa heshima, na mtu anayeitaka ardhi yake anampeleka polisi, kwa kuwa tausi ni ndege wa taifa na sheria inamlinda. Mzee yuko mahabusu, na kitu kimoja tu kinamkosesha usingizi: miche itakauka. Hakimu, mwanamke, anaona wazi kwamba hana kosa lakini taratibu zimemfunga mikono, basi anamwagiza askari aende akamwagilie shamba. Askari anamwagilia. Tazama uso wa mzee anapouliza habari za miche kabla ya kuuliza habari za kesi. Mikono ile haikuhitaji kupakwa tope na mtu wa vipodozi. Nallandi alifariki kabla filamu haijatoka. Tuzo za taifa za India zilimtaja kwa heshima akiwa ameshazikwa, na filamu ikachukuliwa kuwa bora ya Kitamil kwa mwaka wake.

Kwa hiyo usimwambie Anna kwamba wimbo wake ni siasa tu. Utakuwa umesema kweli nusu, na nusu hiyo itamuumiza bure. Siku mtakapopata zamu nyepesi, mwombe kwanza akuimbie ule wa ng'ombe wa Manapparai; kama ni Mtamil wa umri huo anaujua wote. Akifika kwenye kung'oa miche, msimamishe, umuulize kwao nani alikuwa anang'oa, na shamba lilikuwa la nani. Halafu nawe mweleze nani anang'oa Kyela.